Usipande Juu ya Behewa: Waya Ina Umeme

Ndugu mfanyakazi, ukitoka Kasongo au Kabambare na jamaa yako kwenda Lubumbashi kwa reli, unapandia Samba. Kutoka hapo hadi Kongolo na Kabalo hakuna waya juu ya njia. Lokomotivi ni za mazuti. Wasafiri wengine wamezoea kukaa juu ya mabehewa. Ni hatari popote, lakini kuanzia Kamina ni kifo: toka pale hadi Lubumbashi njia iliwekwa waya ya volti 25,000.

Umeme wa waya hiyo huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, ndiyo hertzi 50. Kwa nini 50? Mota za kwanza za treni zilikuwa na makaa yanayogusa duara la shaba linalozunguka. Umeme ukienda na kurudi upesi, cheche nyingi hutoka hapo na kuunguza shaba. Kwa hiyo, mwaka 1912, reli za Ujerumani zilikubaliana kutumia hertzi 16 na theluthi mbili. Lakini umeme wa namna hiyo hudai mitambo yake peke yake, na gharama ni kubwa.

Baadaye mafundi walitengeneza mota bora na vyombo vya kugeuza umeme ndani ya lokomotivi. Katanga ilichagua hertzi 50, umeme uleule wa viwanda na nyumba, na mwaka 1952 treni za umeme zilianza kati ya Tenke na Likasi.

Basi, wengine hufikiri: “Ni umeme wa nyumbani tu.” Sivyo! Hertzi ni zilezile, lakini volti zinapita za nyumbani zaidi ya mara 100. Umeme huo huruka hewani kabla hujagusa waya.

Kwa hiyo:

1. Usipande juu ya behewa, hata treni ikisimama.
2. Usiinue chuma, mti mrefu wala mwanzi chini ya waya.
3. Ukiona lokomotivi ya mazuti inapita, usidhani umeme umekatwa.
4. Waya ikianguka, kaa mbali, zuia watoto, mwite mkubwa wa stesheni.
5. Mtu akishikwa na umeme, usimguse mpaka umeme ukatwe.

Mama, waeleze watoto haya kabla ya safari. Mzigo ukipotea utanunua mwingine, mtoto hanunuliwi.