Bwana shamba mstaafu atoze ushauri wake kiasi gani?

KWA miaka zaidi ya 30 bwana shamba amezoea kusimamishwa njiani. “Shikamoo bwana shamba, hebu pita uniangalizie miparachichi yangu, majani yanageuka njano.” Hapo huegesha pikipiki ya Serikali, huingia shambani, hukagua, hutoa maelekezo na kuondoka. Hakuna anayeuliza bei, kwa kuwa mshahara wake unatoka Serikalini.

Mtumishi wa umma wa kawaida hustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55 na kwa lazima akifikisha 60. Siku hiyo pikipiki hurudi ofisini. Zile ambazo Serikali iligawa kwa maofisa ugani Aprili 2022 zilikuwa kwa ajili ya walio kazini, siyo wastaafu. Lakini simu za wakulima haziachi kuita, na mstaafu mwenye moyo wa kazi huendelea kwenda, safari hii kwa mafuta anayonunua mwenyewe. Baada ya mwaka mmoja au miwili sehemu ya mafao yake inakuwa imeishia barabarani, naye hana biashara wala akiba.

Wanaoamua kufanya ushauri kuwa kazi ya kulipwa hukwama kwenye bei. Wengi hushika mshahara wao wa mwisho na kuugawanya. Tuchukue mfano wa bwana shamba mstaafu mkoani Njombe ambaye mshahara wake wa mwisho, tuseme, ulikuwa Sh1,200,000 kwa mwezi. Anagawanya kwa siku 22 za kazi, kisha kwa saa nane, anapata karibu Sh6,800 kwa saa. Anaona ni bei ya haki, kwani ndiyo aliyokuwa akilipwa.

Hesabu hiyo ina kasoro kubwa. Alipokuwa ameajiriwa alilipwa hata siku ya kikao, ya mvua, ya msiba na ya kusubiri gari. Mafuta, matengenezo na karatasi vilikuwa juu ya mwajiri. Sasa vyote ni vyake, na siku asiyopata mteja hailipwi na mtu.

Ni vyema aanze upande wa pili, yaani kiasi anachotaka kibaki mkononi. Tuseme anataka Sh1,000,000 kwa mwezi, sawa na Sh12,000,000 kwa mwaka. Kisha aandike gharama. Mafuta na matengenezo ya pikipiki Sh1,800,000 kwa mwaka. Pikipiki yenyewe, kama ameinunua Sh3,000,000 na itadumu miaka mitano, inakula Sh600,000 kila mwaka, ingawa fedha hiyo haionekani ikitoka. Vocha na intaneti Sh360,000. Kipima tindikali cha udongo, shajara, leseni ya biashara na vikorokoro vingine Sh440,000. Aongeze Sh800,000 za dharura na za wateja watakaokimbia deni, maana hawakosekani. Jumla ya gharama ni Sh4,000,000, hivyo kwa mwaka anahitaji kukusanya Sh16,000,000. Hapo kodi ya mapato bado haijaguswa.

Zinabaki siku. Mwaka una siku 365. Ukitoa Jumamosi na Jumapili zinabaki 261. Toa sikukuu 13 zinazoangukia katikati ya wiki na siku 28 za ugonjwa, kliniki na misiba, zinabaki 220. Nusu ya hizo zitakwenda kutafuta wateja, kufuatilia malipo, kuhudhuria mikutano na kusoma mambo mapya. Zinazolipwa ni 110. Ukiondoa muda wa njiani, kila siku ina saa sita za kazi, jumla saa 660 kwa mwaka. Gawanya Sh16,000,000 kwa 660, jibu ni takriban Sh24,000 kwa saa.

Hiyo ni zaidi ya mara tatu na nusu ya bei ya kwanza, na wengi wakiiona hushituka. Lakini angalia kinachotokea akibaki na Sh6,800. Kwa saa 660 atakusanya Sh4,488,000. Akitoa gharama zake za Sh4,000,000 anabakiwa na Sh488,000 kwa mwaka mzima, kama Sh40,000 kwa mwezi. Kibarua wa kupalilia anamzidi.

Wapo wanaosema mstaafu ana pensheni kutoka PSSSF, hivyo anaweza kushusha bei. Hoja hiyo si nzuri. Pensheni ni fedha aliyoifanyia kazi, siyo punguzo la mteja. Zaidi ya hapo, mstaafu anayetoza nusu bei kwa sababu ya pensheni anamfungia njia kijana aliyehitimu Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ambaye hana pensheni na anataka kuishi kwa kazi hiyo hiyo.

Hata hivyo, kupata bei ya saa hakumaanishi amtajie mkulima saa. Bei hiyo ni ya kwenye daftari lake. Sababu iko wazi ukitazama zao lenyewe la parachichi. Mkulima anayetaka kupanda ekari mbili kwa nafasi ya mita saba kwa saba atahitaji miche kama 160. Mche uliobebeshwa ukiuzwa, tuseme, Sh5,000, miche peke yake ni Sh800,000, bado mashimo, samadi na vibarua. Halafu anasubiri hadi kama mwaka wa tatu aone matunda ya kwanza. Sasa iwapo shamba lenyewe liko kwenye vinyungu ambako maji husimama, mizizi itaoza. Bwana shamba mzoefu akifukua udongo sehemu tatu anaweza kusema ndani ya nusu saa, “Hapa usipande, peleka miche kule juu kwenye mteremko.”

Kwa bei ya saa huo ni ushauri wa Sh12,000. Kwa mkulima umeokoa Sh800,000 na miaka mitatu. Anayelipwa kwa saa ana kishawishi cha kuzunguka shamba hadi jioni, na mkulima naye atakaa akitazama saa badala ya kusikiliza. Bora kutaja bei ya kazi nzima: kufika shambani, kukagua, na kumwachia mkulima maelekezo ya maandishi. Kazi hiyo ikichukua saa nne, mstaafu anajua ndani yake kuwa haitakiwi kushuka chini ya Sh96,000, kwa hiyo anataja Sh100,000. Kama shamba liko mbali, mafuta yanahesabiwa pembeni.

Kwa mwenye ekari moja fedha hiyo ni nyingi. Dawa yake ni kuungana. Majirani watano wakimwita siku moja, saa zake sita ni Sh144,000. Akitoza Sh150,000, kila mmoja anatoa Sh30,000. Vikundi vya kuweka na kukopa na vyama vya ushirika vinaweza kupanga jambo hilo bila usumbufu.

Malipo nusu yatangulie kwa simu kabla ya safari. Ahadi ya “nitakulipa nikivuna” inaweza kuvumilika kwa viazi, siyo kwa zao la miaka. Kwa ndugu na majirani wa zamani, ambao kuwatoza ghafla kunaleta maneno, atenge siku moja kwa mwezi ya bure na aitangaze. Atakayetaka siku nyingine atajua kuna bei.

Akifanya kazi na kampuni au shirika, ajue kodi ya zuio ya asilimia 5 hukatwa kwenye ada ya huduma. Ankara ya Sh1,000,000 itamletea Sh950,000, na ni lazima adai cheti cha makato hayo ili kimsaidie wakati wa hesabu zake za kodi. Hivyo namba ya mlipakodi aitafute kabla ya kazi ya kwanza.

Jambo moja ni la kukataa kabisa: bahasha ya mwenye duka la pembejeo kwa kila mkulima anayeelekezwa kwake. Inafidia bei ndogo, ndiyo, lakini mkulima akigundua kuwa dawa aliyoandikiwa ilikuwa na kamisheni, habari itafika vijiji vyote kabla ya mnada unaofuata.

Mkoani Njombe mvua za kupandia huanza Novemba, hivyo ushauri wa kupanda hutafutwa zaidi Septemba na Oktoba. Agosti ndio mwezi wa kufungua tena daftari, kuangalia bei ya mafuta na kuhesabu siku zilizolipwa kweli mwaka uliopita. Kama zilikuwa 80 badala ya 110, Sh24,000 haitoshi tena, na wateja waambiwe bei mpya kabla hawajaanza kuchimba mashimo.