Ubelgiji: Nyanya na babu wanaweza kwenda mahakamani kuomba kuona wajukuu

Wazazi wakiachana, mara nyingi nyanya na babu nao wanafungiwa mlango. Kwa familia za Wakongomani wanaoishi Ubelgiji, sheria ya huko inawapa njia.

Kifungu 375bis cha sheria ya kiraia kinasema nyanya na babu wana haki ya kuwa na uhusiano na mjukuu wao. Mjomba au shangazi anaweza kuomba pia, lakini yeye sharti aonyeshe kwamba ana upendo wa pekee na mtoto.

Kwanza ni kuzungumza na wazazi, hata kupitia mpatanishi. Wakikataa, kesi inapelekwa kwenye mahakama ya familia, iliyoanza kazi mwaka 2014. Hakimu anatazama faida ya mtoto. Mwenye miaka 12 na zaidi anaulizwa kama anataka kusikilizwa. Ombi likikubaliwa, hakimu anapanga siku na mahali pa kuonana. Lakini kama ugomvi wa wakubwa unamuumiza mtoto, anaweza kukataa.

Kwa hiyo anayeenda mbele ya hakimu azungumzie mtoto, si makosa ya mkwe.