Tangi la Dizeli la Boti Kuukuu: Kuziba, Kuchomelea au Kununua Jipya?

Dizeli ikinuka kabatini na juu ya maji ya ngama kukielea rangi rangi, huenda tangi limetoboka. Boti nyingi za tanga za faibaglasi zilizoundwa Marekani miaka ya 1970 na 1980 zilitiwa matangi ya alumini, na mengi yamefika mwisho wake. Mwenye boti hukimbilia kuuliza bei ya tangi, kumbe kinachokula pesa ni kulitoa.

Mara nyingi tangi liliingizwa kabla sitaha haijafungwa. Leo kulifikia huenda kukadai injini isogezwe, au sakafu ya nyuma ikatwe kisha ijengwe upya. Karakana nyingi za Marekani hutoza zaidi ya dola 100 kwa saa, kwa hiyo kazi ya saa 15 inapita dola 1,500 kabla ya kununua hata skrubu. Tangi la plastiki la lita 75 halifiki bei hiyo. Basi usilipe kulitoa mara mbili.

Kwanza thibitisha kwamba mwenye kosa ni tangi. Mpira uliochakaa au gasketi ya geji huvuja vilevile. Nyonya mafuta yote (lita 75 za dizeli zina uzito wa kilo 63 hivi), ziba matundu, jaza upepo kwa pampu ya mkono hadi paundi 3 tu kwa inchi ya mraba, kisha paka maji ya sabuni. Geji ya upepo isiposhuka kwa dakika tano, tafuta tatizo kwingine.

Tangi likikutwa na hatia, zipo njia nne.

Kuziba kwa epoksi. Ndiyo rahisi kuliko zote, na ndiyo dhaifu. Alumini huliwa pale unyevu unaponaswa kati ya tangi na mbao au sponji. Tundu moja likionekana, mengine yako njiani. Itumie kufika bandarini tu.

Kulitoa na kuchomelea. Inafaa ikiwa ufa uko kwenye mshono mmoja na bati lililobaki ni zima. Chini pakiwa na vishimo vishimo, umelipia kiraka na kesho utalipia kingine. Fundi asiwashe moto kabla tangi halijaoshwa na kutolewa mvuke wote.

Alumini mpya ya kuagiza. Hufuata umbo la boti, hivyo hupotezi lita. Taka bati la daraja la 5052, lisilopungua unene wa milimita 2.3, la milimita 3 na zaidi hudumu zaidi. Likae juu ya vipande vya plastiki vilivyobandikwa kwa gundi, kamwe si juu ya zulia. Shaba isiguse alumini moja kwa moja. Chuma cha pua cha 316L nacho huuzwa, kwa bei ya juu zaidi, na bado kinaweza kuliwa kwenye mishono inayolala ndani ya maji ya chumvi yasiyopata hewa. Mabati ya zinki yaepuke kabisa: zinki na dizeli havipatani.

Plastiki nzito ya boti. Haishiki kutu na bei yake ni nafuu, lakini huuzwa kwa maumbo maalumu na huvimba kwa asilimia 2 hivi baada ya kutiwa mafuta, kwa hiyo iachie nafasi. Faida yake kubwa ni kwamba unaweza kuchagua tangi dogo, au mawili, yanayopita mlangoni bila kukata kitu. Tangi la maji la nyumbani halifai badala yake.

Kwa wenye boti za Kilifi au Mtwapa, Kenya, hesabu hugeuka. Saa ya fundi ni nafuu, ilhali tangi la plastiki huenda likabeba nauli na ushuru. Hapo fundi mzuri wa kuchomelea alumini kwa gesi ya argoni hushinda, mradi ajaribu tangi kwa upepo mbele yako.

Popote ulipo, badilisha mipira, klipu na gasketi siku hiyohiyo, na uongeze kifuniko cha ukaguzi juu ya tangi. Kisha pima mlango wa kabati: tangi la plastiki likipita, na nauli na ushuru visipolipandisha bei, nunua hilo; la sivyo, agiza alumini.