Sanduku Linalopumua

Sogeeni karibu, wajukuu zangu, niwaeleze habari za akodiani. Bila shaka mmeiona kwenye taarabu: mpigaji ameketi, kapakata sanduku kifuani, vidole vya mkono wa kulia vinakimbia juu ya vibao vyeupe na vyeusi, na mkono wa kushoto unavuta na kusukuma. Katikati ya mikono hiyo pana mvukuto, na humo ndimo uhai wake ulimo.

Mkilifungua sanduku mtakuta vilimi vyembamba vya chuma, kila kimoja kimeshikizwa upande mmoja tu. Hewa ya mvukuto ikipita, ulimi hutikisika ukalia. Mfupi hutoa sauti nyembamba, mrefu hutoa nene. Wachina walikuwa na ala ya vilimi vya namna hiyo tangu kale, ila wao huipuliza kwa mdomo.

Mwaka 1829, mjini Vienna, Cyrill Demian alisajili kisanduku chenye vibonye vitano. Ukibonyeza kimoja unapata sauti kadhaa zinazopatana kwa pamoja, na ukigeuza mvukuto, kibonye kilekile kinatoa nyingine. Kwa hiyo hata asiyejua kusoma noti aliweza kumsindikiza mwimbaji.

Watu wa kawaida waliipenda kwa sababu za msingi kabisa. Inabebeka, na sauti yake hujaza ukumbi wa dansi bila kipaza sauti. Huko Lesotho ikawa ala ya famo, muziki wa wanaume waliokwenda kuchimba migodi ya Afrika Kusini. Wakikuyu wakacheza nayo mwomboko, pembeni ikigongwa pete ya chuma. Léopoldville, Camille Feruzi alisifika kwayo kabla gitaa halijatawala muziki wa Kongo.

Unguja nayo ikaingia kwenye taarabu, ikakaa pamoja na udi, kanuni na fidla. Wasikilizeni Culture Musical Club, kikundi kilichoanzishwa mwaka 1958: mwimbaji anapopumzika baada ya ubeti, akodiani na fidla humjibu.

Lakini maqamu za Kiarabu, ngazi za sauti zinazotumika kwenye taarabu, zina sauti zinazokaa kati ya kibao cheupe na cheusi. Mpiga fidla atasogeza kidole kidogo tu, akaipata sauti hiyo. Mpiga akodiani atasogea wapi? Mafundi wa Misri walipata jibu ndani ya sanduku. Ukikwangua ulimi kwenye ncha, sauti hupanda. Ukikwangua karibu na shina, hushuka. Kazi hii inataka sikio na subira, maana chuma kikishakwanguliwa hakirudi. Mimi nawahesabu mafundi hao kuwa wanamuziki kamili.

Kwenye kumbi za muziki wa klasiki mlango ulifunguliwa polepole sana. Mwaka 1883 mtunzi Tchaikovsky alitia akodiani nne katika mojawapo ya tungo zake za okestra, akaruhusu ziachwe zisipopatikana. Kwa muda mrefu walimu wengi waliiona ni ala ya vilabuni tu, na hilo linaniuma mpaka leo, kwa kuwa waliidharau kwa sababu ya watu walioipiga.

Aliyeipa heshima kubwa ni mtunzi mwanamke, Sofia Gubaidulina, aliyezaliwa mwaka 1931 katika jamhuri ya Watatari. Yeye aliandikia bayan, akodiani ya Kirusi yenye vibonye pande zote mbili, na aliipenda hasa kwa kuwa inapumua. Akodiani ina kitufe cha kupitishia hewa bila kuliza ulimi wowote, ambacho wapigaji hukitumia kufungia mvukuto wakimaliza. Katika De Profundis, utungo wake wa mwaka 1978, pumzi hiyo tupu ni sehemu ya muziki wenyewe: unasikia mvukuto ukihema, kisha sauti nene zikijikokota kutoka chini kupanda juu. Miaka minne baadaye aliiweka bayan mbele ya nyuzi za okestra, bega kwa bega na cello, na safari hii mtunzi hakusema iachwe.