Tunapimaje Kitu Ambacho Tumeona Kipande Chake Tu?

 

Mgonjwa akiwa na uvimbe unaotiliwa shaka, hukatwa kipande cha nyama, kikapasuliwa kwa wembamba unaoshinda karatasi na kuwekwa chini ya hadubini. Viini vya seli huonekana kama vijiduara, na ukubwa wake ni katika mambo anayoyaangalia daktari ili ajue kama ni saratani. Je, vijiduara hivyo vinasema kweli?

Chukua chungwa na kisu. Ukikata katikati unapata duara pana, ukikata karibu na kikonyo unapata dogo, na chungwa ni lile lile. Mtakwimu wa Sweden, Wicksell, alilifanyia hesabu jambo hili mwaka 1925. Tufe zinazolingana zikikatwa popote pale, wastani wa vipenyo vya maduara ni kama asilimia 79 tu ya kipenyo halisi. Tena liko kosa la pili, linalovuta upande mwingine: kisu hukutana na machungwa makubwa mara nyingi kuliko madogo. Basi anayeshika rula akapima maduara na kutafuta wastani, hajapata kitu cha kutegemea.

Dawa yake ni nukta. Plastiki angavu yenye nukta zilizopangwa kwa safu huwekwa juu ya picha bila kuchagua mahali. Nukta 200 zikiangukia nyama, na 46 kati yake zikaangukia viini, basi viini ni takriban asilimia 23 ya ujazo wote. Wa mwanzo kufaidika na njia hii walikuwa wapima madini ndani ya mawe; Glagolev wa Urusi ya Kisovieti aliieleza mwaka 1933.

Na ukubwa je? Jibu lilitolewa na Gundersen na Jensen wa Denmark mwaka 1985. Kwenye kila nukta iliyoangukia kiini, pitisha mstari kutoka ukingo hadi ukingo wa kiini. Tafuta kipeo cha tatu cha urefu wake, kisha wastani wa vipeo vyote, uzidishe kwa pai na ugawe kwa 3. Tuseme mistari ni mikromita 6, 8 na 9. Vipeo ni 216, 512 na 729, wastani karibu 486, na ujazo ni kama mikromita za ujazo 509. (Kazini hupimwa mistari mingi, si mitatu!)

Uzuri wake ni kuwa hatulazimiki kudhani kwamba kiini ni tufe kamili. Ila fahamuni kuwa wastani huu huwapa uzito wakubwa, kwani kiini kikubwa hudakwa na nukta nyingi zaidi. Kwa daktari wa saratani hilo si hasara, maana vikubwa visivyo vya kawaida ndivyo anavyovitafuta. Lenye kuharibu hesabu ni kukata upande mmoja daima: nyama yenye nyuzi zilizolala pamoja lazima igeuzwe ovyo kabla ya kukatwa.