Kariakoo: Kodi ya fremu inavyochimba chini ya ghorofa

Jumamosi ya Novemba 16, 2024, asubuhi, biashara ilikuwa imeshachanganya Kariakoo, Dar es Salaam, pale jengo la ghorofa nne lilipoporomoka likiwa na watu ndani. Watu wapatao 30 walipoteza maisha. Walioshuhudia waliviambia vyombo vya habari kuwa siku moja kabla ilikuwa imeanza kazi ya kupanua eneo la biashara chini ya jengo hilo.

Mtu anachimbaje chini ya jengo ambalo watu wanauza na kununua humo? Jibu linaanzia kwenye bei ya ardhi, na mfanyabiashara wa Lubumbashi, Bujumbura, Lusaka au Moroni yumo ndani ya jibu hilo hata kama hamiliki tofali moja.

Viwanja vya Kariakoo vilipimwa kwa ajili ya nyumba ya Kiswahili: vyumba sita, korido katikati, ua nyuma. Eneo sasa ni soko la nchi jirani, lakini kiwanja hakikuongezeka. Mara nyingi warithi wa nyumba ya zamani huingia mkataba na mwekezaji, naye hupandisha ghorofa mpaka mpaka wa jirani, kisha pande mbili zinagawana fremu.

Kodi nayo ina ngazi zake. Fremu ya chini, inayotazama barabara, ndiyo dhahabu. Mpangaji huilipia kodi ya miezi mingi kwa mkupuo, na mara nyingi kilemba juu yake. Ukipanda ngazi, bei inashuka, kwa sababu mteja mwenye basi la jioni hapandi ghorofa ya nne kuulizia vitenge. Ndiyo maana mwenye jengo huona pesa chini kuliko juu. Korido hukatwa ikawa fremu mbili, ukuta huvunjwa ili duka lipanuke, na mwisho wake hutafutwa stoo chini ya ardhi.

Hapo hesabu ya mhandisi inaanza kuharibika. Ghorofa husimama kwa mnyororo: sakafu inaikabidhi boriti uzito, boriti inaikabidhi nguzo, nguzo inaukabidhi msingi, na msingi unaikabidhi ardhi. Kila pingu ya mnyororo huo ilipimwa kwa matumizi yaliyoandikwa kwenye mchoro. Anayechimba pembeni ya msingi bila kuushikiza anaiondolea nguzo ardhi iliyokuwa ikiibana, na nguzo haitoi notisi ya miezi mitatu kama mwenye nyumba.

Tatizo jingine halionekani kabisa, nalo ni mzigo wenyewe. Viwango vya Kiingereza, ambavyo wahandisi wengi wa Afrika Mashariki wamevitumia kwa miaka mingi, huikadiria sakafu ya makazi kubeba takriban kilo 150 kwa mita moja ya mraba, na ya duka kilo 400. Stoo hukadiriwa kilo 240 kwa kila mita ya kimo cha mzigo. Ukipanga mpaka mita tatu, ni kilo 720.

Chukua chumba cha mita nne kwa nne. Kama kilichorwa kuwa cha kulala, sakafu yake ilikadiriwa kubeba kilo 2,400. Ingiza humo marobota 200 ya mitumba ya kilo 45 na umeweka kilo 9,000. Jengo halitaanguka siku hiyo, maana wahandisi huacha akiba. Lakini akiba hiyo ndiyo ileile inayotegemewa pale nondo zilipopunguzwa au zege lilipochanganywa kwa macho, na haiwezi kuliwa mara mbili.

Sheria si haba. Kibali cha ujenzi hutolewa na halmashauri, wahandisi na makandarasi wana bodi za kuwasajili, na eneo la ujenzi linatakiwa liwe na bango linalotaja wahusika. Udhaifu uko baada ya hapo: mchoro hukaguliwa jengo likiwa karatasi, ilhali matumizi hubadilika miaka kumi baadaye, usiku, mlango ukiwa umefungwa. Baada ya maafa ya 2024, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliunda timu ya kukagua majengo ya Kariakoo. Jiji hilo lilikuwa limeshaonywa Machi 29, 2013, pale ghorofa iliyokuwa ikijengwa Mtaa wa Indira Gandhi ilipoua zaidi ya watu 30. Nairobi nayo ilizika takriban watu 50 baada ya jengo la Huruma kuanguka Aprili 2016.

Mpangaji aliyekwisha kulipa kodi ya mwaka ndiye mgumu zaidi kuondoka, hata akiona ufa wa mshazari ukipanuka, mlango ukianza kugoma au udongo mbichi ukitolewa kwa viroba alfajiri. Na bima ya mwenye jengo, kama ipo, kwa kawaida hailindi bidhaa za mpangaji.

Baadhi ya wafanyabiashara huacha sampuli tu dukani na kuweka mzigo kwenye maghala ya Barabara ya Nyerere, ambako robota hulala juu ya ardhi tupu. Gharama yake ni safari moja zaidi ya kirikuu, na foleni ya kurudi mjini.