Kompyuta Ijieleze Ingali Hai

Kutoka Sumbawanga mjini, juu ya uwanda wa Ufipa, hadi Mtowisa iliyo katika bonde la Ziwa Rukwa, msafiri hana budi kuuteremka ukingo wa Lyamba lya Mfipa kwa kadiri ya meta elfu moja. Tuchukue mfano wa kompyuta ya ofisi ya umma iliyogoma huko bondeni wakati wa masika. Fundi huitwa kutoka mjini, akateremka na mkoba wake, akafungua kasha, na kukuta kwamba kipande cha kumbukumbu kilichoharibika si cha aina aliyokuja nacho. Hana la kufanya ila kuupanda mlima tena. Siku zinapita, na shughuli za wananchi zimelala.

Ndugu zetu wa visiwani, wawe wa Pemba, Mafia au Ukerewe, hawahitaji kusimuliwa habari hiyo. Mlima wao ni maji, na kipuri kilichokosewa hungoja chombo kingine. Kwao na kwetu tatizo ni moja: mashine iko mbali, na anayeijua hayupo.

Dawa ya tatizo hili ilianza kutafutwa zamani. Miaka ya mwanzo ya 1990, wenye kompyuta nyingi walisumbuka kwa sababu kila kiwanda kilikuwa na namna yake ya kueleza vipande vya mashine zake. Mwaka 1992 makampuni kadhaa, miongoni mwao Intel na Hewlett-Packard, yakaunda chombo kilichojulikana kwa herufi DMTF, ili kuweka lugha moja. Mwaka 1994 kikatoa utaratibu ulioitwa DMI.

Utaratibu wenyewe ulifanana na ule wa balozi wa nyumba kumi. Kila kipande kilikuja na faili fupi la maandishi lililotaja jina lake, aliyekitengeneza na uwezo wake. Programu moja ndani ya kompyuta, mfano wa balozi, ilikusanya taarifa hizo katika daftari moja, na programu ya msimamizi ilipouliza, balozi alijibu. Msimamizi hakuwa na haja ya kujua lugha ya kila kiwanda, wala kufungua kasha.

DMI ilistaafishwa mwaka 2005, mbinu nyingine zikashika nafasi yake. Lakini sehemu ya urithi huo ingali hai. Kompyuta za mezani za kawaida za leo hubeba jedwali liitwalo SMBIOS, linalotaja mtengenezaji, namba ya mashine, prosesa, na kila kipande cha kumbukumbu pamoja na nafasi kilipopachikwa. Katika mfumo wa Linux amri ya kulisoma huitwa dmidecode, na hivyo jina la DMI lingali midomoni mwa mafundi. Kazi hiyo huchukua dakika moja.

Kama ni rahisi hivyo, kwa nini fundi wa mfano wetu alirudi mikono mitupu? Kwa sababu kompyuta iliyokufa haisemi. Taarifa zake huchukuliwa ingali nzima, zikatunzwa mahali pengine. Mwenye kungoja mpaka mashine izime ndipo aulize imeundwa kwa vipande gani, amechelewa.

Taifa letu limewahi kulipia ujinga wa namna hii. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974, baada ya matatizo na hasara katika kazi za hesabu za Serikali, uingizaji wa kompyuta ulipigwa marufuku, na kizuizi hicho kikadumu kwa miaka mingi. Mashine hazikuwa na hatia. Tulikuwa tumenunua vyombo kabla ya kuandaa watu na taratibu za kuvitawala. Leo, ambapo vituo vya huduma vimewekewa mifumo ya hesabu kama FFARS, hatuna nafasi ya kurudia kosa hilo.

Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 imeiweka Mamlaka ya kusimamia viwango katika taasisi za umma. Viwango hivyo havitafika bondeni wala visiwani visipobebwa na watendaji. Tunapendekeza mambo matatu.

Kwanza, kompyuta isipokewe kabla jedwali lake halijasomwa. Wako watengenezaji wanaoacha sehemu ya namba ya mashine ikiwa na maneno ya kiolezo tu, kwamba patajazwa na mtengenezaji. Mashine isiyo na jina lake yenyewe irudishwe kwa aliyeiuza.

Pili, kila ofisi isome jedwali hilo kila robo mwaka, nakala ikae makao makuu ya halmashauri na nyingine ibaki kwenye karatasi ofisini. Hapo fundi atajua aina ya kipuri kabla ya kupanda gari au boti. Vilevile, mashine iliyokwenda matengenezoni na kumbukumbu mbili ikarudi na moja, itaumbuka yenyewe mbele ya daftari.

Tatu, daftari liwe na mwenyewe, mtumishi mmoja anayewajibika kwalo, na lilindwe, kwani linalomfaa fundi humfaa na mwizi.

Hakuna katika haya linalohitaji fedha za kigeni. Linahitajika agizo, dakika chache, na mtu wa kulifuatilia. Viongozi wetu wa wilaya na visiwa waanze sasa, mashine zikiwa zinawaka.